Maktaba ya gereji nyuma ya steshenari

Karibu kila gari la Kijapani linaloingia gereji ya kaka yangu lina kitabu kwenye dashibodi, na karibu kila kitabu hicho hakitusaidii. Kwanza kimeandikwa Kijapani. Pili, na hili ndilo kubwa, hata kingeandikwa Kiswahili, bado ni kitabu cha mwenye gari. Kitakueleza namna ya kuseti saa, upepo wa kujaza kwenye tairi na mahali pa kufunga kiti cha mtoto. Hakitakuambia bolti ya hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, inakazwa kwa nguvu kiasi gani, wala waya mweusi wenye mstari wa njano unatoka wapi na unaishia wapi. Hayo yamo kwenye kitabu kingine, kile ambacho kiwanda kilimwandikia fundi, na hicho hakiji na gari.

Mimi si fundi. Nina steshenari hapa Morogoro: kopi, kuchapa barua, laminesheni, picha za pasipoti. Gereji ya kaka iko upande wa pili wa ukuta wetu. Kazi yangu ya pembeni, ambayo malipo yake ni soda na mara mojamoja kuku, ni kutunza vitabu vya mafundi kwenye kompyuta ya mezani iliyoko nyumbani, ili visomeke bila intaneti. Watu wakisikia hivyo huniuliza diski yangu ina GB ngapi. Mimi huwauliza wanajua namba ya chesisi ya gari lao au hawajui. Hapo ndipo maktaba ya namna hii inapoanza au inapofia.

Kuhusu kwa nini tusitafute tu mtandaoni, sitasema mengi. Bando linaisha. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu, intaneti ya Tanzania ilidorora kwa siku kadhaa, na magari hayakuacha kuharibika kwa heshima ya tukio hilo. Lakini hata mtandao ukiwa mzuri, fundi anayetafuta kwenye simu mara nyingi anaangukia video ya mtu wa nchi nyingine, mwenye gari linalofanana na lake kwa sura tu.

Hilo la kufanana kwa sura ndilo lililotufundisha zaidi.

Mteja anakuja anasema, "Gari langu ni IST." Ukimbana atasema IST ya 2004. Ukiingia kwenye kitabu cha Kiingereza kutafuta IST hulikuti, kwa sababu kwa jina hilo gari liliuzwa Japani. Na ukijaribu kwenye programu inayodai namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 17, umekwama pia, maana magari ya soko la Japani hayana namba hiyo. Yana chesisi: kodi fupi ya modeli, yaani herufi na tarakimu chache, kistari, kisha tarakimu 6 au 7. Ile kodi fupi ndiyo ufunguo. IST ya kwanza yenye chesisi NCP60 ina injini ya 2NZ-FE, lita 1.3. NCP61 ina 1NZ-FE, lita 1.5. Kwa macho ya barabarani ni gari lilelile, hata rangi ni ileile ya fedha ambayo Watanzania tumeamua kuipenda.

Ukishaipata kodi, milango inafunguka. IST hiyohiyo iliuzwa Marekani kama Scion xA kuanzia modeli ya 2004 hadi 2006, nayo kule ilikuwa NCP61 yenye 1NZ-FE. Vitz ni Yaris ya Ulaya. Harrier ya kwanza ni Lexus RX 300. Demio ni Mazda 2, Fit ni Jazz, March ni Micra. Kwa hiyo kitabu cha Kiingereza kipo, ila kimesajiliwa kwa jina la ndugu yake. Kwenye kompyuta nimeweka jedwali la kawaida lenye safu za jina la mtaani, chesisi, injini, giaboksi, jina la nje na folda. Jedwali hilo ni faili dogo kuliko picha moja ya harusi, na ndilo linalotumika kuliko kitu chochote kingine kwenye mashine ile.

Lakini ndugu si yeye. Kurasa za injini za Scion xA unaweza kuzitumia kwa IST ya lita 1.5 na usijute: nafasi ya vali, alama za mnyororo wa taimingi, mpangilio wa bolti. Ukifika kwenye umeme, simama. Gari la Marekani lina usukani kushoto. Waya zimepita kwingine, boksi la fyuzi la ndani liko upande mwingine, na masharti ya moshi ya kule yameongeza sensa ambazo gari la Japani halina. Nimemwona fundi wa umeme, kijana hodari kabisa, akitafuta sensa ya mvuke wa tangi kwenye gari ambalo halikuzaliwa nayo, kisa kitabu kimesema ipo. Tangu hapo kila folda ya gari pacha ina faili la maandishi juu kabisa lenye sentensi moja: "Injini ndiyo, umeme hapana," au vyovyote ilivyo kwa gari hilo.

Kile kibati kilichopigwa riveti ndani ya boneti nacho ni maktaba ndogo. Kina modeli, injini, rangi, kodi ya kitambaa cha ndani, giaboksi na difu. Watu hukipita. Mimi nawaambia vijana wa gereji wakipige picha kabla hawajagusa spana, kwa sababu oili ya giaboksi ndipo pesa za watu zinapopotelea. Toyota za miaka ile zenye giaboksi ya otomatiki ya gia nne hutaka T-IV. Nyingine za baadaye zinataka WS. Zenye CVT, giaboksi isiyo na gia za hatua, zina oili yake peke yake, na ukimimina ya otomatiki ya kawaida humo, mteja atarudi na gari likiwa juu ya gari lingine.

Tunavipata wapi? Vingine vilikuja kwenye sidii za zamani alizorithi kaka kutoka kwa fundi aliyestaafu. Haynes wa Uingereza, waliokuwa wakichapisha vitabu vya matengenezo tangu miaka ya 1960, wana cha Yaris, na hicho tunacho cha karatasi. Toyota ya Marekani ina tovuti ambako mtu yeyote anaweza kulipia siku 2, mwezi au mwaka. Ulaya nako Kanuni namba 715 ya 2007, na tangu Septemba 2020 Kanuni namba 858 ya 2018, inawataka watengenezaji wawafungulie mafundi wasio wa kampuni taarifa za matengenezo. Ukilipia siku 2 unakuwa na orodha yako tayari ya kurasa unazozihitaji, unazihifadhi kama PDF, umemaliza. Yapo pia makusanyo makubwa yanayozunguka kwa njia nyingine, na kila mwenye steshenari anajua hali ilivyo. Haki ya vitabu hivi ina wenyewe, ndiyo maana mimi sivinakilishi kwa kila anayekuja na fleshi mkononi. Ukurasa mmoja wa gari lako nitakuchapia. Diski nzima hapana.

Sasa mashine yenyewe. Ni kompyuta ya mezani iliyotumika, ya kawaida, yenye Linux, na kazi hii haihitaji zaidi ya hapo. Yanayosumbua ni mafaili, na yanasumbua kwa namna tatu tofauti.

Yapo yaliyopigwa skana. Hayo ni picha tu za kurasa, na ukitafuta neno ndani yake kompyuta inakuambia halipo wakati unaliona kwa macho yako. Niliyapitisha kwenye programu ya bure ya OCRmyPDF, inayosoma picha na kuweka maandishi yanayotafutika chini yake. Niliiacha ifanye kazi usiku. Inakosea pale skana ilipokuwa chafu, hasa kwenye tarakimu, na ndiyo sababu matokeo yake nayatumia kutafutia ukurasa tu. Namba yenyewe fundi anaisoma kwenye picha ya asili.

Yapo ya aina ya kurasa za tovuti, maelfu kwa maelfu ya vifaili vidogovidogo. Hapa diski za nje huwashangaza watu. Diski kubwa iliyofomatiwa exFAT kwa kawaida hutenga nafasi kwa vipande vya KB 128, kwa hiyo ukurasa wa KB 3 unakula KB 128 nzima. Kitabu ambacho kwa hesabu ni GB chache kinajaza diski, na kukinakili kunachukua nusu siku. Dawa yake ni kufunga folda lote kuwa faili moja la SquashFS, ambalo Linux inalifungua kama diski ya kusoma tu. Linabanwa, linanakilika haraka, na kwa kuwa haliandikiki, umeme ukikatika ghafla hakuna kinachoharibika ndani yake, wala kirusi cha fleshi hakiwezi kupenyeza vinjia vyake vya mkato. Angalizo moja: faili likizidi GB 4 halitaingia kwenye fleshi ya FAT32, hata kama fleshi ina nafasi ya kumwaga.

Halafu yapo ya sidii za zamani, yaliyotengenezwa kufunguka kwa Internet Explorer tu. Kwenye kivinjari cha leo unaona fremu tupu na michoro haitokei. Hayo nayafungulia ndani ya VirtualBox, programu inayoendesha kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta, kwenye Windows ya zamani niliyoizimia mtandao kabisa. Ni polepole, inaudhi, na michoro ya waya ya baadhi ya modeli iko humo tu. Kila ninapofungua mchoro wa maana nauchapa kuwa PDF, ili nisirudi tena kwenye dirisha lile la kijivu.

Gereji inasoma kwa simu. Kompyuta inawasha seva ndogo kwa amri moja ya Python, ruta iko dirishani, haina bando lolote, na simu ya fundi ikiunganishwa na Wi-Fi inaandika anwani inayoanza na 192.168 na kuona orodha ya magari. Kwa dhana, mambo yalikuwa yaishie hapo. Kwa vitendo simu na grisi havipatani, jua la saa saba linafuta kioo, na mtu aliyelala chini ya gari hana mkono wa tatu. Wanachokitaka ni karatasi. Natafuta ukurasa, nauchapa kwa herufi kubwa, nautia laminesheni kama ni wa injini inayokuja mara kwa mara, na unatundikwa kwa waya juu ya benchi. Mashine ya laminesheni niliyoinunua kwa ajili ya vyeti vya kuzaliwa sasa inakula zaidi kurasa za 1NZ-FE.

Ukurasa wa kwanza kutundikwa ulikuwa wa bolti za hedi, na haukutundikwa kwa amani. Pale gereji kuna mzee mmoja ambaye kaka anamheshimu kama baba, fundi wa injini tangu enzi za malori ya mashirika ya umma. Mzee alikuwa anafunga hedi ya IST iliyochemsha. Nikapeleka karatasi.

"Binti," akasema, "hedi nimeanza kufunga mama yako hajaolewa."

"Najua mzee. Nimeleta tu uione."

Kwa injini za chuma alizokulia nazo, mkono wake ulikuwa kipimo cha kutosha: bolti nene, bloku la chuma, unakaza mpaka unasikia imeshika. 1NZ-FE ni alumini, hedi na bloku. Kitabu kinataka bolti zote 10 zipakwe oili kidogo kwenye nyuzi na chini ya kichwa, zianzie katikati kwenda pembeni, zikazwe kwa hatua hadi N·m 29 (N·m ni kipimo cha nguvu ya kukaza), kisha kila moja itiwe alama ya rangi, izungushwe nyuzi 90, yaani robo duara, halafu nyuzi 90 tena. N·m 29 kwa mzee ilikuwa kichekesho. Hiyo, alisema, ni nguvu ya kukaza kifuniko cha tapeti.

Kaka ndiye aliyemweleza, kwa sababu mimi nilikuwa nasoma tu nisichokijua. Sehemu kubwa ya nguvu unayoiweka kwenye spana inaishia kwenye msuguano wa nyuzi na kichwa cha bolti, na msuguano haulingani bolti hadi bolti. Pembe hailaghaiki. Ukishaifikisha bolti mahali ilipogusa vizuri, kuizungusha nusu duara kunaivuta urefu uleule kila moja, na mvuto huo ndio unaoibana gasketi sawasawa. Bolti inavutwa hadi inapita kiwango cha kurudi kama ilivyokuwa, na kwa hiyo kitabu kinatoa urefu wa mwisho unaoruhusiwa, iliyozidi inatupwa. Mzee akachukua kalipa, akapima bolti za zamani zilizokuwa kwenye kopo la oili, akazitenga mafungu mawili bila kusema neno. Kisha akaniomba rangi ya kucha. Alama za rangi kwenye bolti za hedi pale gereji mpaka leo ni nyekundu ya dukani kwangu.

Vipimo vyenyewe vinahitaji jicho. Ukurasa mmoja unaandika N·m, kgf·cm na ft·lbf pamoja: 29, 300 na 22 ni kitu kilekile. Spana ya toki ya gereji, ile inayopima nguvu ya kukaza, ilikuwa ya futi na ratili. Ukisoma 29 ukaiseti kwenye kipimo kile, umekaza karibu theluthi moja zaidi. Kwa hiyo kwenye kila ukurasa ninaoutundika nafuta vipimo vingine kwa kalamu nyeupe na kubakiza kile kilichoandikwa kwenye spana yetu.

Upande wa umeme, karatasi inayopendwa ni ile ya kusoma kodi za hitilafu bila mashine. Vile vifaa vya bei rahisi vya kusoma kodi hizo, ELM327, vinavyounganishwa na simu mara nyingi vinagoma kuongea na Toyota za Japani za mwanzoni mwa miaka ya 2000, ingawa soketi ni ileile ya pini 16. Kumbe gari lenyewe linajua kusema. Unaunganisha pini ya 13 na ya 4 kwa kipande cha waya, unawasha swichi bila kupiga stata, na taa ya injini inaanza kupepesa. Nne kisha moja ni 41, sensa ya mkao wa throto. Mbili na mbili ni 22, sensa ya joto la maji. Ikipepesa mfululizo bila kituo, hakuna kodi iliyohifadhiwa. Kwenye karatasi hiyo pini ya 16 nimeizungushia duara jekundu, kwa kuwa hiyo ni moto wa betri moja kwa moja, na pini ya 4 ni ardhi. Magari ya zamani zaidi yana kiboksi ndani ya boneti, na humo unaunganisha pini za TE1 na E1.

Michoro ya waya ilichukua muda kueleweka kwa sababu ya herufi za rangi. Kwa Toyota B ni nyeusi na L ndiyo buluu. B-Y ni mweusi wenye mstari wa njano, na herufi ya kwanza ndiyo rangi ya waya mzima. Kijana akishashika hilo, pamoja na kujua kwamba kila soketi ina namba na picha yake imechorwa ukiitazama kwa mbele, anaacha kuchubua waya ovyo kutafuta umeme ulipo.

Sikutarajia kwamba sehemu nzuri ya maktaba itakuwa ile tusiyoinunua. Kurasa zinarudi zimeandikwa pembeni kwa kalamu ya mkaa: spea ya gari fulani inaingia hapa bila kukata, bolti hii huvunjika usiilazimishe, gasketi ya duka lile haikai. Nilikuwa nazitupa na kuchapa mpya. Sasa nazipiga skana na kuziweka kwenye folda la chesisi husika, na maelezo ya kaka nayachapa kwa Kiswahili kama anavyoyasema. Kitabu cha kiwanda kinachukulia kwamba gari lina spea halisi na halijawahi kufunguliwa. Gari linaloingia kwetu lina kontroli boksi ya gari lingine, rejeta ya tatu, na feni inayowashwa kwa swichi ya taa ya nyumbani. Kwa gari la namna hiyo kurasa zenye mwandiko wa kaka zinafunguliwa kwanza.

Tatizo la sasa ni Aqua, Toyota ya haibridi inayotumia petroli na umeme. Zinaongezeka, chesisi yake NHP10, na kwenye kibati injini imeandikwa 1NZ-FXE. Kijana yeyote akiona 1NZ ananyoosha mkono kwenye ukurasa uliotundikwa, na kwa vitu fulani hakosei sana, lakini pembeni ya injini hiyo kuna betri ya volti 144 na kigeuzi kinachoipandisha hadi 520. Kitabu kinataka plagi ya usalama ing'olewe na fundi akae nayo mfukoni, asubiri angalau dakika 10 kapasita ziishiwe umeme, avae glavu za mpira zinazostahimili volti 1,000, kisha apime kabla ya kugusa waya wowote wa rangi ya machungwa. Kurasa hizo nimezichapa kwenye karatasi nyekundu na kaka amepiga marufuku: Aqua ikija tunabadilisha oili, breki pedi na bushi, na yanayohusu nyaya za machungwa yanakwenda Dar kwa aliyesomea. Glavu tumeagiza. Ukurasa wa namna ya kuzikunja na kuzijaza hewa ili ujue kama zimetoboka uko tayari, unasubiri laminesheni.